Mgonjwa wa mapafu akikonda, tusinyamaze

Huku kwetu Pwani mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na akikonda watu huanza kunong'onezana. Mzee aliyekohoa miaka nenda miaka rudi nguo zikianza kumpwaya, nyumba nzima huona, lakini hakuna anayelitaja. Wapo wanaosema ni uzee, wapo wanaosema ni hasadi. Mwenyewe hukaza mshipi tundu moja zaidi akanyamaza. Mimi nasema kimya hicho kina madhara. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kukonda ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi kuna la kufanya.

Ugonjwa ninaouzungumzia madaktari huuita kwa herufi nne, COPD. Njia za hewa huwa nyembamba, na vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu huharibika. Hewa huingia, lakini kutoka huwa taabu. Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, makohozi, kifua kubana na kutweta hata kwa kazi ndogo. Hauponi kabisa, ila hutibiwa na mtu akaishi vizuri. Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa wa nne kwa kuua watu duniani: mwaka 2021 uliua takriban watu milioni 3.5.

Wengi hudhani ni ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hutokana na sigara. Katika nchi kama zetu, sigara huhesabiwa asilimia 30 hadi 40, na moshi wa ndani ya nyumba ni chanzo kikubwa. Kwa hiyo bibi aliyepikia kuni na makuti maisha yake yote, au mama karanga anayeinamia karai la samaki kila siku, anaweza kuupata bila kuigusa sigara. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona naye huweza kubaki na mapafu yaliyoharibika.

Sasa, mbona mtu akonde? Kwanza, kupumua ni kazi. Mwenye mapafu mazima haihisi, lakini mgonjwa hutumia nguvu nyingi zaidi kuvuta na kutoa pumzi ile ile, mchana na usiku. Pili, kula kunamchosha. Kutafuna na kumeza huku unatweta si jambo jepesi, na tumbo likijaa huusukuma juu ule msuli mpana uliotanda chini ya mapafu, pumzi ikazidi kuwa fupi. Basi hula tonge mbili tatu akasukuma sahani. Tatu, ugonjwa wenyewe huwasha mwili ndani kwa ndani, na mwasho huo hula nyama ya misuli. Nne, kwa kuogopa kutweta mtu huacha kutembea, na msuli usiotumika hupungua.

Misuli inayopungua si ya mikono na miguu tu. Na ile ya kuvutia pumzi imo. Ikidhoofika, kupumua huwa kugumu zaidi, na kukonda huzidi.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1999, matokeo ya watu zaidi ya 2,000 wa jiji la Copenhagen, Denmark, yalionyesha kwamba wagonjwa waliokonda walikufa zaidi kuliko wenye uzito wa kawaida, hasa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mkali. Mwaka mmoja nyuma, watafiti wa Uholanzi walikuwa wameonyesha upande wa matumaini: wagonjwa waliokonda wakaongeza zaidi ya kilo 2 katika wiki 8 waliishi zaidi kuliko wenzao ambao uzito wao haukupanda.

Kuna hesabu ambayo kila nyumba inaweza kuifanya. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Mtu wa kilo 58 mwenye urefu wa mita 1.70 atapata 20. Kwenye chati ya kawaida ya watu wazima, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 huambiwa uko sawa. Lakini kipimo cha kukadiria hatari ya COPD, kilichotolewa mwaka 2004 na Bartolome Celli na wenzake, humwongezea mgonjwa alama ya hatari akiwa na 21 au chini yake. Kwa hivyo mtu anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe kwa mapafu yake amekwisha kuwa mwembamba mno.

Je, basi anenepe tu? La. Mafuta ya tumboni nayo hulikandamiza pafu kutoka chini, mtu akatweta akipanda ngazi hata kama hana COPD. Unene huzidisha pumu, na mwenye pumu aliye mnene akipungua kwa mpango mzuri hupata nafuu. Huleta pia kukoroma na pumzi kukatika usingizini. Kinachomlinda mgonjwa wa COPD zaidi ni misuli. Mtu anaweza kuwa na tumbo kubwa na mapaja membamba, na huyo hatari bado anayo.

Tahadhari mbili hapa. Vidonge vya prednisolone vinavyonunuliwa kiholela madukani hufungua hamu ya kula na kujaza uso, watu wakasema mgonjwa amerudi, ilhali vikitumiwa muda mrefu hupunguza misuli na kudhoofisha mifupa. Aliyekuwa akivimeza kwa muda asiviache ghafla, amwone daktari. Na kilo zikipanda ghafla katika siku chache huku miguu ikivimba, hayo ni maji, si afya. Awahi hospitali.

Upande wa chakula, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku ni bora kuliko sahani mbili zilizojaa. Apumzike kabla ya kula, akae wima, na maji mengi ayaache baada ya chakula. Tonge liwe na nguvu: samaki, mayai, maziwa, kunde, mbaazi za nazi, parachichi, uji uliotiwa karanga au simsim. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apange chakula chake na mtaalamu. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa azungumze na daktari wake mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na futari ya kushindilia tumbo kwa mkupuo mmoja humbana pumzi.

Chakula peke yake hakijengi misuli. Atembee kila siku kwa kadiri anavyoweza, hata kama ni uani tu, na ajizoeze kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa. Kutweta kiasi wakati wa mazoezi si kosa, mradi apumzike na pumzi irudi. Sigara aiache, na jiko la moshi litolewe nje au libadilishwe.

La mwisho ndilo kubwa. Anayepungua bila kukusudia, hata kama hajui kwamba ana ugonjwa wa mapafu, apimwe. Kifua kikuu, Ukimwi, kisukari na saratani navyo hukondesha, na kikohozi cha COPD kinaweza kukificha kifua kikuu kilichoingia juu yake. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bila malipo. Kupungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 si jambo la kupuuza: kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3 tu.

Kilo 3 hazionekani kwa macho hadi nguo zianze kupwaya. Huonekana kwenye mizani. Mpime mzee wako mara moja kwa mwezi, andika tarehe na kilo nyuma ya kadi yake ya kliniki, na siku ya kumwona daktari mwonyeshe hesabu hiyo hata kama hakuiuliza.