Hasira, Kura na Somo la Mwaka 1958



Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likirudi katika jumuiya ndogondogo zetu, upande wa Handeni na upande wa Korogwe: kuna haja gani tena ya kupiga kura? Wanaouliza si wavivu. Wengine wamepanga mstari katika kila uchaguzi tangu vyama vingi viliporudi katika sanduku la kura mwaka 1995. Safari hii chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura, na siku ile na zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika. Baraza la Maaskofu Katoliki lililaani mauaji hayo hadharani. Swali lililozaliwa katika uchungu wa namna hiyo halistahili kujibiwa kwa kaulimbiu. Tunawaomba basi turudi nyuma kidogo, kwa maana wazee wetu nao walilikabili, na jimbo letu la Tanga lilihusika.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliandaa uchaguzi wa kwanza wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Masharti yake yalikuwa machungu. Kila jimbo lingekuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya tisini na tano katika kila watu mia. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila kundi. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Ndiyo maana wazee waliuita uchaguzi wa kura tatu. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Ilitakiwa mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kinachotambulika.

Tuyapime masharti hayo kwa macho ya hapa kwetu. Korogwe ilikuwa nchi ya mkonge. Katika mashamba kama Ngombezi, Magunga na Mazinde walikuwapo manamba walioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Mkata mkonge hakuikaribia hata kidogo shilingi 3,000 kwa mwaka. Mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye mvua ikikosa alibaki na ghala tupu, hakuikaribia pia. Wanawake waliofika darasa la nane walikuwa wa kuhesabika. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni tisa. Walioandikishwa hawakufika 60,000. Ni nani asingekasirika?

Ndani ya TANU hasira ilikuwa kubwa, na wanachama wengi walitaka kuususia uchaguzi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi Desemba 1957, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita mpole kwa mkoloni. Hata hivyo aliona hatari: TANU ikikaa pembeni, viti vyote vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendwa na Gavana Edward Twining. Ingekuwa sawa na kumsusia fisi bucha. Mwandishi wa historia Mohamed Said ameeleza kwamba kabla ya mkutano mkuu Nyerere alifika Tanga kushauriana na viongozi wa TANU wa huku, wakiwamo Mwalimu Kihere, Hamisi Heri na Sheikh Abdallah Rashid Sembe. Ni vema Wakristo tukalikumbuka jambo hilo kwa shukrani.

Mkutano ulifanyika Tabora mwezi Januari 1958. Majadiliano yalikuwa makali, na mwishoni wajumbe waliamua kushiriki. Historia imeupa uamuzi huo jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga akaanzisha chama cha African National Congress. Tusimdharau. Aliyesema kwamba kushiriki katika mchezo wa dhuluma ni kuihalalisha dhuluma alikuwa na hoja ya haki. Lakini tuangalie kwamba hata yeye hakwenda kulala na hasira zake nyumbani. Alisimama, akaunda chama, akaieleza hoja yake mbele ya watu.

Wengi wetu tukiisimulia habari hii huishia hapo Tabora. Kumbe kazi yenyewe ilianza baada ya Tabora. Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano yaliyopiga kura mwezi Septemba 1958. Mengine yalipiga Februari 1959. Katika miezi hiyo michache ilibidi sheria isomwe kwa makini na kuelezwa vijijini. Nani ana sifa? Karani huyu, mwalimu yule, mwenye duka fulani, je, wamejiandikisha? Na aliyejiandikisha, anajua kwamba akiacha kuchagua Mzungu na Mwasia kura yake inakufa?

Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa maarifa. Kwa kuwa kila mpiga kura alipaswa kujaza nafasi zote tatu, na kwa kuwa katika majimbo mengi Waafrika ndio waliokuwa wengi miongoni mwa walioandikishwa, basi Mwafrika ndiye angeamua pia ni Mzungu gani na ni Mwasia gani wa kuingia Barazani. Sheria iliyotungwa ili kuwagawa watu ikawapa nguvu ambayo mtungaji hakuitarajia. TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali haki ya wananchi, na wagombea wake waliwashinda wa UTP karibu kila mahali. Mwezi Oktoba 1958 Gavana Richard Turnbull alikiri kwamba serikali ijayo itakuwa na Waafrika wengi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa, hata aliyejua tu kusoma na kuandika Kiswahili akaruhusiwa. Walioandikishwa wakazidi 800,000. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Manamba asiye na kura mwaka 1958 alikuwa amesukumwa mbele na karani mwenye kura, kwa sababu walikuwa wameongea lugha moja.

Je, tunasema basi kwamba dawa ni kupiga kura tu, vyovyote iwavyo? La hasha. Mkoloni, pamoja na udhalimu wa sheria yake, alizihesabu kura na kuyakubali matokeo. Pasipo hesabu ya kweli, hata mpiga kura mwenye maarifa yote anaibiwa. Kwa hiyo kudai tume inayoaminika, kudai ukweli juu ya waliouawa, na kudai nafasi ya wagombea wote ni sehemu ya wajibu wenyewe wa mpiga kura. Tunachosema ni hiki: hasira isiyojua sheria humchosha mwenye nayo na kumnufaisha anayeichochea.

Tuanzie basi na yale yaliyo karibu nasi. Wengi hudhani kadi ya mpiga kura inatosha kwa chaguzi zote. Haitoshi. Daftari la Kudumu hutumika kwa Rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa huchaguliwa kwa orodha nyingine ya wakazi. Mwaka 2024 uandikishaji wake ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba tu, chini ya TAMISEMI. Aliyezikosa siku hizo kumi alibaki mtazamaji, hata kama kadi yake ilikuwa mfukoni.

Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, naye huko ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Handeni tunajua uzito wa ardhi, hasa tangu kaya kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera mwaka 2022. Anayekosa mikutano miaka mitano kisha akalalamika siku ya kampeni amechelewa sana.

Tatu, tujue mipaka. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa, lakini matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Raia anayefahamu tofauti hiyo anajua mlango upi umefungwa na upi uko wazi, na anajua kwa nini watu wanadai Katiba mpya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kura ni haki na pia ni wajibu kwa manufaa ya wote. Hatutawaambia altareni mchague chama gani. Lakini tunawasihi kila jumuiya ichague watu wawili wenye kusoma vizuri, waipitie Sheria ya Ardhi ya Vijiji na kanuni za uandikishaji, kisha wawaeleze wenzao polepole, Wakristo na Waislamu, Wazigua, Wasambaa na waliohamia. Uchaguzi wa serikali za mitaa unatarajiwa mwaka 2029, na uchaguzi mkuu mwaka 2030. Wazee wetu walikuwa na miezi minane tu kati ya Tabora na sanduku la kura.

Mungu awafariji waliofiwa, na atujalie haki na amani.