Picha ya Ini Kabla ya Kisu

Leo tunazungumzia altrasaundi, ile picha ambayo wengi wenu mnaijua kutoka kliniki ya wajawazito. Huenda ulishangaa kuona baba mkwe, ambaye hana mimba (hapa mwaweza kucheka), naye akipakwa jeli tumboni kwa sababu ana uvimbe kwenye ini.

Asili ya mashine hii ni kiwandani. Mafundi walituma mawimbi ya sauti ndani ya vyuma ili kugundua nyufa. Ian Donald, daktari wa akina mama huko Glasgow, Scotland, akaona kuwa mwili nao ungeweza kuchunguzwa hivyo. Mgonjwa wake mmoja alikuwa ameambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mashine ilionyesha kwamba ni uvimbe wa maji kwenye ovari. Akapasuliwa, akapona. Donald na wenzake waliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1958. Kwa hiyo tangu mwanzo picha hii ilisaidia kujua nani apasuliwe.

Ini lina shida yake. Lina damu nyingi, na upasuaji wa zamani uliua wengi. Ini zima likikatwa, hata zaidi ya nusu, huweza kukua tena. Lakini ini lililojaa makovu kwa sababu ya homa ya ini B au pombe halina nguvu hiyo. Saratani inaweza kutolewa vizuri kabisa, kisha macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, na mgonjwa akafa kwa sababu kipande kilichobaki kimeshindwa kazi.

Japani ilikuwa na wagonjwa wengi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1980, Masatoshi Makuuchi na wenzake waliingiza altrasaundi ndani ya chumba cha upasuaji, wakaiweka juu ya ini lenyewe, wakafuata mishipa na kukata sehemu ndogo tu.

Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walitangaza mashine ya kupima ugumu wa ini. Inagonga kidogo ubavuni, kisha altrasaundi inapima mwendo wa mtikisiko. Katika ini gumu mtikisiko huenda kasi. Ni kama mama anavyobonyeza avokado sokoni bila kuipasua. Ini likiwa gumu sana, hatari baada ya upasuaji huongezeka. Hata hivyo daktari hutazama pia vipimo vya damu na picha ya CT.

Basi familia ikiambiwa "hatutapasua", isidhani mara moja kwamba mgonjwa amekataliwa au kuna pesa inayotakiwa. Uliza: "Daktari, ini litakalobaki likoje? Uvimbe umeingia kwenye mshipa mkubwa? Kuna tiba gani nyingine?" Wengine huchomwa uvimbe kwa joto, wengine hupewa dawa, na dawa ya maumivu ni haki ya kila mgonjwa.

Ukipanda matatu kwenda Kisii, beba picha na ripoti zote za awali, hata zilizokunjika. Uliza mapema mgonjwa akae saa ngapi bila kula, maana tumbo lililoshiba huharibu kipimo.