Kuzima ufuatiliaji wa kerneli

Kuzima ufuatiliaji wa kerneli ni kusimamisha ftrace, chombo kilichoingizwa katika Linux toleo 2.6.27 mwaka 2008 ili kurekodi yanayotendeka ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Msimamizi mwenye mamlaka ya root huandika:

echo 0 > /sys/kernel/tracing/tracing_on

Kurekodi hukoma papo hapo, na yaliyokwisha kurekodiwa hubaki katika faili la trace, tayari kusomwa. Wengi huishia hapo, nao hukosea: msimbo wa ufuatiliaji bado unaitwa na kula muda wa prosesa. Ili kuuondoa, katika saraka hiyohiyo ya tracing, 0 huandikwa katika faili la events/enable na neno nop katika faili la current_tracer. Badiliko hili la mwisho hufuta rekodi zote, hivyo ni lazima faili la trace linakiliwe kwanza.