Sungura na Heshima ya Mwindaji

Kabla ya sheria za serikali, wawindaji walijitungia miiko. Xenophon wa Athene, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba wawindaji humwachia mungu wa kike wa mawindo sungura walio wachanga. Arrian, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alikataza kufungulia mbwa karibu na sungura, au zaidi ya wawili kwa mara moja. Kwake, mwindaji wa kweli hupenda mashindano, naye hufurahi sungura akiokoka.

Miiko hiyo ililinda heshima ya mwindaji. Sheria ya mwaka 2004, iliyopiga marufuku mashindano ya mbwa kukimbiza sungura katika Uingereza na Wales, ilitazama mateso ya mnyama. Ndiyo kusema, kumpa mkimbizwa nafasi si sawa na kumwacha aishi.