Mgongo wa Muuguzi



Mwaka 1700, huko Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu cha Kilatini juu ya magonjwa yanayoletwa na kazi. Madaktari wa zamani walizoea kumuuliza mgonjwa anaumwa nini na tangu lini. Yeye akataka waongeze swali moja: unafanya kazi gani? Aliandika juu ya wachimba madini, wafinyanzi na wapagazi, wala hakuwasahau wakunga. Aliona kwamba mkunga wa Italia, ambako mama alizalia juu ya kiti chenye tundu, aliinama kwa saa nyingi mikono ikiwa imenyoshwa, akamaliza kazi akiwa hoi. Mwenzake wa nchi ambako mama alizalia kitandani hakuumia kiasi hicho. Kazi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kiti na kitanda.

Hata hivyo, kwa karne nyingi maumivu ya kiuno, shingo na mabega ya wauguzi yalihesabiwa kuwa sehemu ya wito wao, na aliyelalamika alionekana mvivu. Walifundishwa kupiga magoti na kunyosha mgongo kabla ya kunyanyua. Ushauri huo wafaa kwa gunia. Mtu hana mpini, uzito wake hauko sawa kila upande, tena aweza kuzimia mikononi mwako. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1992, iliwataka waajiri wawaepushe watumishi wao na unyanyuaji wa hatari kadiri inavyowezekana. Mwaka 2007 mtafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini alipendekeza kikomo cha kilo 16 hivi kwa muuguzi anayemhamisha mgonjwa kwa mikono. Basi tupige hesabu: mgonjwa wa kilo 60 akishikwa na wauguzi wawili, kila mmoja ana kilo 30.

Sisi wa pande za Kirotshe hesabu hiyo tunaijua bila kitabu. Mgonjwa akitoka vilima vya Masisi, mahali gari halifiki, huja kwa tipoyi. Wabebaji hupokezana njiani, wengine wakifuata nyuma mikono mitupu wakingoja zamu yao. Hakuna anayewaita wavivu. Ajabu ni kwamba hekima hiyo huishia mlangoni pa hospitali: mzigo uliowachosha wanaume wanane hupokewa na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku.

Kipindupindu nacho, ambacho tangu miaka ya 1970 hakijaacha kuzirudia kando za ziwa Kivu, kina kitanda chake: kifupi, chenye tundu katikati na ndoo chini. Muuguzi huinama kutafuta mshipa wa kutilia sero, huinama kunywesha, huinama kutazama ndoo, kisha huenda kitanda cha pili. Ramazzini angelitambua tundu lile.

Mashine za kuinulia wagonjwa ni ghali. Shuka imara tunazo. Mgonjwa akitelezeshwa juu ya shuka, watu wanne wakivuta kwa hesabu moja, hakuna anayehitaji kumnyanyua. Kwa wenye kipindupindu wageni wasiguse, maambukizi yanakataza. Kwa wengine, wabebaji wawili waliozoea kukaa nje kupumzika wangeweza kunawa mikono, wakaingia, wakamuuliza muuguzi washike ncha ipi.