Simu inapokatika ndani ya gari: Jinsi ya kubaini hitilafu ya Bluetooth iko upande gani

DEREVA wa teksi anayesubiri mteja kando ya soko la Marikiti, kisiwani Mombasa, hana nafasi ya kushika simu mkononi. Mbele yake mna mkokoteni uliojaa ndizi, ubavuni tuktuk, nyuma matatu inayopiga honi. Na mteja aliyemwita yuko Kibokoni, anauliza atokee uchochoro gani. Sauti ikikatika kwenye spika za gari wakati huo, mkono huikimbilia simu. Hapo ndipo mtu hugongwa. Hapo pia ndipo sheria humngoja: kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu ya mkononi huku gari likienda.

Wengi hukimbilia kununua. Hubadilisha redio, hubadilisha simu, au hununua kifaa kingine cha bei nafuu, na baada ya wiki mbili malalamiko huwa ni yale yale. Sababu ni kwamba kinachoitwa "tatizo la Bluetooth" huwa ni matatizo kadhaa tofauti yenye dalili zinazofanana, na mengine hayahusiani na Bluetooth kabisa. Kazi ya kwanza ni kujua uzi umekatikia wapi.

Bluetooth ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi, ikapewa jina la mfalme Harald wa Denmark, aliyetawala katika karne ya 10 na kupewa lakabu ya "Jino la Buluu". Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa yale yale yanayotumiwa na vifaa vingi vya Wi-Fi. Ili isizibwe, aina yake inayobeba mazungumzo ya simu huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa kila sekunde. Kwa hivyo kelele ndogo ya mawimbi haitoshi kuiangusha.

Jaribio la kwanza halihitaji fundi wala senti. Chukua simu ya mtu mwingine, iunganishe na gari hilo hilo, kisha upige. Halafu chukua simu yako uiunganishe na gari la jirani au na spika ndogo ya Bluetooth. Ikiwa simu ya mwenzako inafanya kazi vyema garini mwako, redio haina kosa. Ikiwa simu yako inasumbua kila inakopelekwa, usiliguse gari. Na ikiwa kila kimoja ni kizima kinapokuwa na mwingine lakini viwili hivyo havipatani, yamkini kilichoharibika ni ile kumbukumbu ya makubaliano baina yao.

Kumbukumbu hiyo inastahili kuelezwa. Simu na redio zinapooanishwa mara ya kwanza, hubadilishana ufunguo wa siri ambao kila upande huuhifadhi. Redio za zamani huomba namba ya siri, mara nyingi 0000 au 1234. Vifaa vilivyofuata kanuni mpya za mwaka 2007 huonyesha tarakimu sita pande zote mbili ili mtumiaji athibitishe kuwa zinalingana. Upande mmoja ukiupoteza ufunguo, tuseme kwa sababu betri ya gari iliondolewa, upande wa pili huendelea kuushikilia ule wa zamani. Matokeo yake ni simu inayoandika "imeunganishwa" kisha "imekatika" bila kukoma. Kufuta upande mmoja hakusaidii. Futa jina la gari kwenye simu, futa jina la simu kwenye redio, zima vyote viwili, kisha uanze upya gari likiwa limeegeshwa. Redio nyingi hukataa kuoanishwa gari likiwa kwenye mwendo, na baadhi hutaka breki ya mkono iwe imevutwa.

Redio za gari pia zina kikomo cha simu zinazoweza kukumbukwa. Baadhi hukumbuka tano tu. Gari ambalo limepita mikononi mwa madereva watatu na mashemeji wao huwa limejaa majina, na simu mpya hukataliwa bila maelezo yoyote ya maana.

Kuna dalili nyingine inayowachanganya watu: muziki unacheza vizuri, lakini simu ikipigwa sauti hutokea kwenye simu yenyewe. Hapo muunganisho haujakatika. Bluetooth hutenganisha kazi zake. Mazungumzo yana njia yake, muziki njia yake, na orodha ya majina njia yake. Katika simu za Android, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama iliyo kando ya jina la gari, na uhakikishe kwamba ruhusa ya simu imewashwa sawa na ile ya sauti za muziki. Kadhalika, mwenye simu mbili, moja ya wateja na nyingine ya M-Pesa, akumbuke kwamba redio nyingi huhudumia mazungumzo ya simu moja kwa wakati mmoja. Gari likiwashwa, simu iliyotangulia kujibu ndiyo huichukua nafasi, nayo huenda isiwe ile inayosubiriwa na mteja.

Sauti ikikatika baada ya dakika kadhaa, hasa kioo cha simu kinapozima, chunguza mpangilio wa kuokoa chaji. Simu nyingi huzifunga programu zinazofanya kazi kichinichini, na ramani ya dereva ni miongoni mwa zinazofungwa. Joto pia lina mkono wake. Apple huelekeza kwamba iPhone itumiwe katika hewa isiyozidi nyuzi 35. Simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele adhuhuri ya Februari Mombasa hupita kiwango hicho upesi, ikapunguza kasi au kujizima. Ihamishie penye upepo wa kipoza hewa.

Sehemu inayoleta utata mkubwa zaidi, hata hivyo, inatokana na asili ya magari yenyewe. Magari mengi yanayoshushwa Kilindini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Nchini humo redio za FM kwa miaka mingi zilitumia masafa ya megahezi 76 hadi 90, na upeo ukasogezwa hadi 95 kuanzia mwaka 2014. Kenya hutumia 87.5 hadi 108. Basi dereva ambaye redio yake haina Bluetooth, au ina menyu ya Kijapani asiyoielewa, hununua kile kijidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kijidude hicho huipokea sauti ya simu kwa Bluetooth, kisha huirusha tena kwa FM ili redio ya gari iinase.

Hizo ni safari mbili, na mara nyingi ya pili ndiyo inayokwama. Kijidude kikirusha kwenye 98 na redio ikaishia 90, hakuna kitakachosikika. Nafasi inayobaki ni ile nyembamba kati ya 87.5 na 90, na yeyote anayetafuta pengo humo hukumbana na stesheni za mji. Ikiwa gari limefungwa kile kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, hesabu hubadilika: namba inayoonekana kwenye redio si namba halisi ya mawimbi. Kifaa kikishusha kwa megahezi 12, kijidude kilichowekwa 98 hutafutwa kwenye 86. Madereva wengi hawajui kama kifaa hicho kimo garini mwao. Njia rahisi ya kujua ni kutazama kama stesheni za Mombasa zinasikika kwenye namba zisizokuwa zao.

Kuzitofautisha safari hizo si vigumu. Sauti ikikwaruza, ikachanganyika na mtangazaji, au ikibadilika gari linapohama mtaa huku simu ingali inaonyesha imeunganishwa, lawama ni ya FM. Tafuta namba iliyo tupu. Sauti ikinyamaza ghafla na mazungumzo yakarudi kwenye simu, hapo ndipo Bluetooth imekatika. Na mteja akilalamika kwamba humsikii vibaya ila yeye ndiye hakusikii, fahamu kwamba maikrofoni imo ndani ya kijidude, chini karibu na gia. Hata kiunganishwe vipi, hakitainasa sauti ya dereva aliyefungua madirisha mbele ya Marikiti.

Umeme wa gari nao usisahaulike. Wakati wa kupiga stata, nguvu ya betri chakavu huanguka kiasi cha redio kujizima na kuwaka upya, na simu ikaachwa njiani. Betri ya volti 12 iliyo nzima huonyesha takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Hewa ya chumvi ya pwani huota ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri na kutu kwenye waya wa bodi. Kuvisafisha kumewaokoa wengi gharama ya redio mpya. Tahadhari moja: baadhi ya redio za Kijapani, betri ikitolewa, hufunga na kudai kadi ya kumbukumbu au namba ya siri ambayo haikuja na gari. Muulize fundi wa umeme kabla hajashika spana.

Kuhusu msongamano wa mawimbi, lipeleke gari hadi Mama Ngina, kando ya bahari, upige simu ile ile. Ikiwa hali ni njema kule na mbaya sokoni tu, huenda ni wingi wa Wi-Fi na simu za watu; iondoe simu mfuko wa nyuma, kwa maana mwili wa binadamu hufyonza mawimbi hayo, uiweke wazi karibu na redio. Ikiwa inakatika kote kuwili, Marikiti haina hatia.

Hatua ya mwisho, pale kila kitu kimeshindikana, ni kurejesha mipangilio ya mtandao kwenye simu. Hatua hii hufuta pia nywila zote za Wi-Fi na vifaa vyote vilivyooanishwa, hivyo ziandike kwanza. Na gari likiuzwa, futa simu yako kwenye redio kabla ya kukabidhi ufunguo: redio nyingi hunakili orodha ya majina na simu zilizopigwa, na mnunuzi akiiwasha anaweza kukuta jina la mama yako, la wakili wako na la kila mteja uliyemchukua.