Makorongo ya Kondoa na Deni Letu kwa Wazee

Ndugu wana Kondoa, vilima vyetu vya Irangi viliwahi kuliwa na maji. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, maji ya mvua yakakosa cha kuyazuia. Yakachimba makorongo na kujaza mchanga mabondeni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wazee wetu waliumia: maziwa, samadi na mahari viliondoka pamoja na ng'ombe. Lakini nyasi na miti vilirudi, maji yakaanza kuzama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Wao ndio waliolipia kijani tunachokiona leo. Tusikiuze kwa gunia la mkaa. Tuchangie miche na matuta, korongo lisiturudie mlangoni.